Mstari wa Saba

Kambove, 2 Septemba 1992

Kwa Papa Anaclet Kasonde,
Huduma ya Jamii ya Wanafunzi, Lubumbashi

Papa Anaclet,

Nisamehe kwa barua inayoingia bila salamu ndefu. Mimi ni Benita Kapya, mwaka wa tatu wa uchumi, yule uliyempa kitanda katika bweni la wasichana mwaka 1989. Utanikumbuka, maana nilikuja ofisini kwako mara nne, na mara ya nne ulisema nikirudi tena utanipa ufagio nifanye kazi.

Tangu chuo kifungwe niko nyumbani. Habari za huku umezisikia. Kule Likasi watu wa mkoa wa Kasai wanatolewa kwenye nyumba zao tangu mwezi uliopita, hata wale waliozaliwa hapa hapa, na sasa wamejaa stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka kwa mababu ambao wengine hawajawahi kuwaona. Kambove bado hayajafika, ila vijana wa kamati inayowafukuza wanapita wakiuliza nani ni wa wapi. Baba yangu ni wa Kabalo, huku huku Katanga, babu alikuja huku na kazi ya reli, kila mtu anajua. Kwa upande huo hatuna neno.

Shida yangu ni fishi, ile karatasi ngumu ya maswali uliyonijazisha. Mstari wa saba uliuliza nyumbani kwa mzazi ni wapi. Wewe mwenyewe ulikuwa umeniambia kwamba anayetoka karibu hapati kitanda, na Kambove ni karibu. Nikaandika Mwene-Ditu, Kasai. Papa, niliandika uongo. Sina mtu yeyote Mwene-Ditu, sijafika huko, sijui hata kama wana mto. Karatasi ile ikisomwa hapa tutatolewa sote, na nyumba ni ya kampuni anayofanyia kazi baba, ikienda imekwenda.

Nakuomba uitoe kwenye dosye yangu, lile jalada la ofisini, uichane. Barua hii inaletwa na Musonda, dereva wa kamyo ya mahindi, kwa kuwa posta yenyewe imekufa. Akirudi atapita kwako. Tangu juzi siwezi kukaa mahali pamoja, nafua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Benita Kapya


Lubumbashi, 9 Septemba 1992

Binti Benita,

Nakukumbuka vizuri. Hazikuwa mara nne, zilikuwa tano, na ile ya tano ulilia ukiwa umegeukia dirisha, ukidhani sikuona.

Uongo wako niliutambua siku ile ile. Msichana anasema kwao Mwene-Ditu, halafu akifungua kinywa unasikia Kambove tupu. Nilikupa kitanda kwa sababu nilikwenda mwenyewe mtaa wa Hewa Bora kuona kwa baba yako mdogo ulikokuwa unalala, nikakuta watu kumi na wanne katika vyumba viwili na wewe unasomea jikoni. Basi usijitese kwa jambo ambalo karani alishalifumbia macho.

Kuhusu kuichana, hapana. Nina miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki na sijachana fishi hata moja. Humo ndani wanafunzi wameandika nani ana kifafa, nani alizaa akiwa sekondari, nani baba yake yuko gerezani. Mwenye haki ya kusoma ni mwenyewe aliyeandika, na mimi niliyempokea. Mzazi akija namwambia mtoto wako ni mtu mzima, kamuulize yeye. Mwaka 1985 mkuu mmoja wa kitivo alikuja kwa hasira akitaka dosye ya binti aliyemkosea adabu, akaondoka na hasira zake. Kabati lina kufuli mbili na funguo ziko kwenye mkanda wangu, hata nikienda kuoga. Ukitaka mstari wa saba ubadilike, uje mwenyewe, uukate kwa kalamu, utie sahihi pembeni, nami nitie yangu. Ndivyo tunavyofanya.

Barua yako nimeiweka katika dosye yako, kama inavyotakiwa. Chuoni kimya. Tunaokuja kazini tumebaki watatu, na mmoja anakuja kwa ajili ya kivuli cha veranda. Mashine ya kupiga chapa imeanza kuishusha herufi e chini ya mstari na hakuna wa kuitengeneza. Lakini siri zenu ziko mahali pake. Tulia nyumbani, msaidie mama.

Anaclet Kasonde
Mwandishi, Huduma ya Jamii ya Wanafunzi


Kambove, 16 Septemba 1992

Papa Anaclet,

Nakubali zilikuwa tano. Lakini kuja siwezi. Kati ya hapa na Lubumbashi kuna vizuizi vitatu, na kila kizuizi wanakuuliza jina la baba, jina la mama na kijiji. Nikijibu vibaya nitashushwa. Nikijibu vizuri watataka kujua naenda kufanya nini mjini na chuo kimefungwa.

Tena kuna jambo linaloninyima usingizi. Jeannot, tuliyesoma naye na ambaye kwao ni Likasi, alikuja hapa Jumapili kwenye matanga. Akanivuta pembeni akaniambia ameona kwa watu wa kamati orodha ya wanafunzi wa chuo chetu, imepigwa chapa, ina majina na mahali pa asili. Aliona ukurasa wa kwanza tu, majina ya A mpaka D. Nikamuuliza kama ina muhuri. Akasema muhuri ni wa Huduma ya Jamii.

Halafu akaongeza kitu ambacho hakujua maana yake. Alisema orodha ilikuwa inachosha macho, maana kila e ilikuwa imeshuka.

Papa, uliniambia funguo ziko kwenye mkanda wako. Nani alifungua?

Benita


Lubumbashi, 22 Septemba 1992

Binti Benita,

Muhuri unaigwa. Siku hizi mtu anachonga muhuri wa wizara kwenye kandambili, na mashine mbovu ziko nyingi mjini. Jeannot namfahamu, hata mtihani alikuwa anausoma nusu. Usibebe kila neno la matangani.

Nina kazi nyingi, nitakuandikia kwa kirefu.

Anaclet Kasonde
Mwandishi, Huduma ya Jamii ya Wanafunzi


Lubumbashi, 30 Septemba 1992

Binti Benita,

Hujanijibu, na sistahili jibu. Siku nane hizi nimekuwa nikifika ofisini, nakaa, naondoka, narudi tena kuangalia kufuli. Muhuri haukuigwa.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mwezi wa nane, chuo kilipofungwa, wanafunzi wa Kasai walibaki mabwenini. Walihofu kutoka, na chakula kilikuwa kimekwisha. Padre wa misheni akasema ana maharagwe, ana blanketi, na anaweza kuwaombea nafasi kwenye behewa. Mkurugenzi akaniambia nitengeneze orodha. Nawe unajua kazi yetu, Benita, bila orodha hakuna msaada. Kila blanketi niliyowahi kumpa mwanafunzi ilitoka kwenye orodha. Nikafungua kabati kwa funguo zangu mwenyewe, nikasoma mstari wa saba wa kila fishi, nikapiga chapa majina sitini na matatu. Nilifurahi kama mtu aliyepata tena kazi ya kufanya. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza kama anataka jina lake litoke, kwa sababu machoni pangu huo ulikuwa msaada.

Nakala zilikuwa tatu. Moja ya misheni, moja yangu, moja ya mkurugenzi. Ile ya mkurugenzi imetoka mezani kwake, kwa mkono wa nani sijui. Wewe ni namba thelathini na moja; nilikuwa nanakili tu, sikukumbuka hata kwamba uongo wako niliutambua.

Sasa nimejaribu kurekebisha. Jumatatu nilimpelekea mkurugenzi ile barua yako ya tarehe 2, akaisoma, akakubali kwamba namba thelathini na moja ni kosa. Ameandika masahihisho na kuyatuma kwa kamati ya Likasi na ya Kambove, yenye sahihi na muhuri. Nadhani hapo utakuwa umepona. Wale sitini na wawili walioandika kweli, sijui nitawafanyia nini.

Anaclet Kasonde
Mwandishi, Huduma ya Jamii ya Wanafunzi


Kambove, 5 Oktoba 1992

Papa Anaclet,

Masahihisho yako yamefika. Yamefika kabla ya orodha yenyewe. Hapa Kambove hakuna aliyekuwa ameisoma ile orodha, ilikuwa imelala Likasi. Wewe na mkurugenzi wako ndio mlioleta jina langu mpaka mlangoni.

Walikuja Jumamosi asubuhi, watano, wawili nilisoma nao shule ya msingi. Walimwamkia baba vizuri, wakamwita papa. Mmoja akafungua karatasi akasoma mbele ya nyumba, majirani wakisikiliza, kwamba mwanafunzi Benita Kapya wa Kambove alitajwa kimakosa kuwa wa Mwene-Ditu, na kwamba mwenyewe amekiri kwa maandishi kuwa hana mtu yeyote huko. Mimi nilianza kupumua. Ndipo yule mkubwa wao akauliza, kwa upole kabisa, mtoto wa Kambove alilitoa wapi jina la Mwene-Ditu. Kuna miji mingapi Kasai, kwa nini huo? Akamgeukia mama, aliyekuwa anapepeta unga.

"Mama, weye uko wa wapi?"

Mama hakuweka ungo chini. Akasema, "Niko wa mu ii nyumba."

Sasa nikuambie nilichokuficha. Mama yangu amezaliwa Mwene-Ditu. Mstari wa saba nilikuandikia kweli, Papa. Uongo ni barua yangu ya tarehe 2. Mama alikuja huku akiwa bibi harusi, miaka ishirini na saba sasa, na kwa kuwa hata wakati ule kulikuwa na vurugu za watu wa huku na watu wa kule, baba alisema kwa majirani kwamba amemwoa kwao Kabalo. Mama akajifunza kusema kama watu wa Kabalo. Sisi watoto tulijua kwa kuwa alikuwa anatuimbia kwa namna nyingine akitubembeleza. Mwaka 1989, mbele ya meza yako, ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuliandika jina la kwao. Nilitaka kitanda, ndiyo, lakini nilifurahi pia kuandika.

Wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Baba anaweza kubaki na nyumba na sisi, wamesema, kwa kuwa yeye ni mtoto wa Katanga. Mama arudi kwao. Baba amekaa kwenye kiti tangu Jumamosi na rozari mkononi, hasemi lolote, na namchukia kwa hilo. Halafu nakumbuka kwamba mimi nilisema, na angalia nilichosema. Mama alisikia kwa masikio yake kwamba binti yake hana mtu yeyote Mwene-Ditu. Tangu siku hiyo ananipa chakula, ananiuliza kama nimeshiba, lakini hanitazami.

Nani alikuambia uionyeshe barua yangu? Orodha hukuniuliza, barua hukuniuliza. Hayo ndiyo maneno yako ya kufuli mbili?

Benita Kapya


Lubumbashi, 13 Oktoba 1992

Binti Benita,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Kwa miaka kumi na tisa nilidhani siri ni kitu cha kulinda dhidi ya wabaya, wenye hasira, wazazi wakali. Sikujua inatakiwa kulindwa pia dhidi ya mimi mwenye nia njema.

Nimerudi nikaitazama fishi yako. Kwenye mstari wa saba hukuandika Mwene-Ditu peke yake. Kuna maneno mengine baada yake, na mimi nilipokuwa natengeneza orodha nilisoma mji nikaruka mbele, kama karani yeyote mwenye haraka. Baadaye ilipofika barua yako niliiamini barua, sikurudi kwenye fishi. Hilo nalo ni kosa langu.

Wiki iliyopita walikuja watu watatu na mkurugenzi nyuma yao. Walitaka fishi zenyewe, zote, ili wapate anwani za wazazi. Nikasema funguo zimepotea. Mkurugenzi alikuwa anautazama mkanda wangu. Nikasema tena zimepotea. Wakasema watarudi na nyundo, na waliporudi kabati lilikuwa tupu. Sitaandika fishi ziko wapi, kuhusu karatasi nimejifunza. Nitasema tu kwamba natembea. Asubuhi nachukua chache chini ya shati, naenda mtaani, mabwenini, stesheni, namtafuta mwenye jina, namkabidhi mkononi mwake ya kwake. Afanye atakavyo. Wengine wanachana mbele yangu. Binti mmoja alinishika mikono akanishukuru, kwa sababu kule anakokwenda ndiyo karatasi pekee itakayoonyesha kwamba aliwahi kusoma. Kama ningezichoma zote, kama nilivyotaka usiku wa kwanza, ningekuwa nimemwamulia na huyo pia.

Nimesimamishwa kazi. Si neno, veranda ilikuwa imeshapata mtu.

Fishi yako ninayo, na ile barua yako. Safari hii nauliza. Nikutumie, nizitunze, au niziteketeze? Mpaka uniambie sitafanya lolote.

Anaclet Kasonde


Kambove, 21 Oktoba 1992

Papa Anaclet,

Niliandika jibu la hasira kurasa nne, sikulituma. Sasa halina kazi.

Mama ameondoka. Jana asubuhi alisema anaenda shamba, akachukua karai kubwa na kitambaa cha kichwa kile cha kanisani. Nani anaenda shamba na kitambaa cha kanisani? Niliona, na sikuuliza, kwa sababu siku zote hizi tumekuwa tukiogopana. Jioni hakurudi. Chini ya godoro la wadogo zangu amewaachia nguo zao zimekunjwa, na za kwangu, na sare ya baba ya kazi ameishona kifungo. Yeye hakuchukua hata blanketi.

Baba amesema, "Hakutaka siku waliyompa imkute hapa." Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Jumamosi ile. Kisha akalia, na sijawahi kumwona baba akilia, kwa hiyo nikatoka nje nikatembea mpaka kwenye mashimo ya wachimbaji, nikarudi, nikaenda tena.

Watu wanasema alionekana kwenye kamyo ya Musonda, ikielekea Lubumbashi na si Likasi. Sielewi. Hana mtu Lubumbashi isipokuwa baba mdogo, na huyo ni ndugu wa baba. Ila nimekumbuka kwamba wiki iliyopita aliniuliza mara mbili, akiwa amenipa mgongo, yule mwenye karatasi anakaa wapi. Nikamwambia Hewa Bora, karibu na kwa baba mdogo. Nilidhani anataka kumlaani.

Kama amefika kwako, mwambie arudi. Hapana, usimwambie arudi. Mwambie asipande treni kabla sijamwona. Kuhusu fishi fanya unavyoona, sina akili ya fishi.

Benita


Lubumbashi, 27 Oktoba 1992

Binti Benita,

Mama yako alifika kwangu tarehe 20, mchana. Musonda alimleta mpaka mlangoni, na vizuizini alimpitisha kama mke wake, mama akiwa amekaa mbele na karai mapajani. Mke wangu alimpa maji, akakataa chakula, baadaye akala.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti akasema yeye ni mama wa Benita wa Kambove. Nikaanza kuomba msamaha, akanikata. Hakuja kwa hilo, alisema, dunia ndivyo ilivyo sasa, hata bila karatasi yangu wangemfikia. Alikuja kuuliza kitu kimoja. Alitaka kujua kama ni kweli wewe uliandika kwa mkono wako kwamba huna mtu Mwene-Ditu, au ni wale vijana waliojisomea tu.

Nikamwambia ninachowaambia wazazi wote, kwamba mtoto wako ni mtu mzima, dosye ni yake, siwezi kusema kilichomo. Niliona haya kusema hivyo, mimi niliyeandika majina sitini na matatu. Lakini nilisema. Akaitikia kwa kichwa bila kugomba. Kisha akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe:

"Basi usiniambie ile ya mubaya. Unionyeshe tu fasi aliniandika, kama iko."

Benita, hukuwa umenipa ruhusa. Barua yako ya kuniambia nifanye ninavyoona ilifika baada yake. Niliingia chumbani, nikasimama huko na dosye yako mkononi, nikajua kwamba nikienda mbele ni kwa mara ya tatu nakuamulia bila kukuuliza. Nikaenda mbele. Ile barua yako ya tarehe 2 niliiacha chini ya mto. Fishi nikaileta, nikaifunika juu na chini kwa karatasi mbili, ukabaki wazi mstari wa saba peke yake. Mama akasema hasomi vizuri, macho. Nikamsomea kama ulivyoandika: "Mwene-Ditu, Kasai, kwa mama yangu Régine, ambako nitaenda siku moja."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaweka kidole kwenye wino, akauliza jina lake ni lipi hapo, nikamwonyesha. Akauliza uliandika mwaka gani, nikasema 1989. Akasema, "Kumbe alikuwa na miaka kumi na tisa." Baada ya hapo ndipo alipokula.

Nilimsihi angoje hapa kwetu. Alisema mabehewa yanapakiwa Likasi, na akikaa Lubumbashi nafasi itapita, na wewe ukija utamfanya arudi nyumbani nanyi mtoke wote. Aliondoka kesho yake na Musonda. Mke wangu alimpa blanketi, si ya orodha, ya kitandani kwetu. Nimechelewa kukuandikia kwa kuwa kamyo iliharibika njiani, na kwa kuwa nilikuwa najiuliza kama una haki ya kujua mambo ambayo mama alinijia nayo kwa siri. Nimeona unayo.

Kama nimekosa tena, nigombeze.

Anaclet Kasonde


Likasi, stesheni, 3 Novemba 1992

Papa Anaclet,

Sikugombezi. Nimeandika kwenye gamba la sanduku la sabuni kwa kuwa karatasi hapa zinakwenda kuwashia moto.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilimwandikia baba, barua ndefu kuliko hii, nikawaogesha wadogo zangu, nikaja kwa miguu mpaka njia kubwa. Huku watu ni wengi, siwezi kukueleza. Wanalala chini ya mabehewa mabovu, kwenye reli zenyewe, wamejenga kwa milango waliyong'oa majumbani kwao. Kila siku wanazikwa watoto. Nilimtafuta siku mbili nikiita, nikaona aibu kuita kwa jina la Kabalo alilopewa Kambove, nikaanza kuita Mama Régine, na akina Régine wakageuka kumi.

Nilimkuta nyuma ya ghala la mizigo, amekaa juu ya karai lililopinduliwa, anamsuka mtoto wa mtu. Aliponiona alikasirika. Alinigombeza kwa lugha ya kwao, mbele ya watu wote, kwa sauti, na nilisimama tu nikisikiliza kwa sababu sikuwahi kumsikia akigomba kwa lugha hiyo. Nikamwambia niliandika ile barua, Mama, ni mimi, si vijana. Akasema alijua. Alijua tangu pale alipokuwa anapepeta, kwa sababu vijana wale wasingeweza kutunga neno la mto. Jambo la mto lilisomwa nalo, Papa, sikukuambia. Akasema, "Kuko mto. Unaitwa Luilu." Akarudi kwenye kusuka.

Leo asubuhi Sista wa misheni alipita akiandika watu wa behewa lijalo. Akafika kwetu. Mama alikuwa ameshaandikwa. Sista akaniuliza baba ni wa wapi, nikasema Kabalo. Akaweka kalamu chini, akaniambia kwa huruma kwamba silazimiki, kwamba nina haki ya kurudi nyumbani, wenye haki hiyo hapa ni wachache na nisiichezee. Mama akadakia haraka.

"Usimuandike, Sista. Ni mutoto wa kule kwa baba yake."

Nikasema, "Uniandike pamoja naye."

Sista alitutazama mmoja mmoja. Akauliza kama nina uhakika, akasema orodha hii inakwenda kwa watu wa reli na kwa watu wa serikali na hajui itaishia wapi. Nilimshukuru kwa kuuliza. Ni mtu wa kwanza katika mambo haya yote aliyeniuliza kabla ya kuandika. Nikamtajia majina yangu yote polepole, akaandika, nikaangalia kama ameandika sawasawa.

Fishi itunze wewe mpaka nikuambie nimefika wapi na nitasoma wapi. Baba akija kuiulizia, mwambie aniandikie mimi. Wadogo zangu watakuwa naye. Hilo linaniuma kuliko yote na sijui kama nimefanya vizuri. Treni wanasema Alhamisi, wengine wanasema mwezi ujao.

Mama ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Anakusalimia wewe na mke wako, na anauliza kama nimekuandikia kwamba yuko hapa na mimi. Nimemwambia nimeandika.

Benita Kapya